Nani Anakaa Kiti cha Nyuma?

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Tunaitumia methali hii kumkemea mwenye tamaa: chagua moja, nyingine iache. Hadithi yenyewe tunaijua tangu utotoni. Fisi kafika njia panda, kasikia harufu ya nyama huku na huku, akataka kupita kote kwa wakati mmoja, mguu huu huku, mguu ule kule, mwishowe akapasuka msamba. Tunacheka, tunaendelea na mambo yetu. Lakini mimi naona fisi anastahili kutetewa kidogo: aliyepasuka ni yeye mwenyewe. Hakuwa amembeba mtu mgongoni. Je, fisi mwenye abiria tumhukumu vipi?

Swali hili limenijia kwa sababu ya kitu ambacho hakina hata harufu ya falsafa: springi za gari.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anakaa Kibondo na ana Subaru Impreza aliyoipata kwa jasho la misimu kadhaa ya biashara ya maharage. Siku za kazi gari hilo linakwenda Kasulu na kurudi, limebeba mzigo mdogo, ndugu, majirani, na mara moja kwa mwezi linambeba mama yangu, yaani bibi yake, kutoka Mabamba hadi kliniki mjini Kibondo. Lakini kijana ana ndoto nyingine. Anataka siku mojamoja alipeleke gari hilohilo kwenye mashindano ya kukimbiza saa, yale ambayo magari yanaingia moja moja na anayeshinda ni mwenye sekunde chache. Kwa hiyo anataka kung'oa springi na shokapu zilizokuja na gari, afunge koilova. "Mjomba," aliniambia, "wewe mtu wa vitabu, nisaidie kuchagua." Alidhani ananiuliza habari za vyuma. Nami mwanzoni nilidhani hivyohivyo.

Miaka michache tu nyuma, huku kwetu swali hilo lisingekuwepo. Barabara ilikuwa moja kwa tabia: vumbi jekundu kiangazi, utelezi masika. Kila mtu alitaka gari linyanyuliwe, asiyekuwa na pesa ya springi mpya akaweka vipande vya mpira au chuma juu ya shokapu ili lipande kidogo. Anayelishusha gari chini angeonekana kapungukiwa akili. Kisha ukaja mradi wa lami kutoka Kabingo wilayani Kakonko, kupita Kibondo na Kasulu, hadi Manyovu mpakani na Burundi, kilomita 260 hivi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lami ikaja vipande vipande. Ghafla tukawa na kona unazoweza kuziingia kwa kasi, na miteremko mirefu ambayo gari laini linayumba kama mtumbwi. Lakini ukiiacha barabara kuu kwenda kijijini, udongo ni uleule wa zamani. Safari moja, barabara mbili. Lami ndiyo iliyotufikisha kwenye njia panda ya fisi.

Sasa tuelewane kidogo kuhusu vyuma vyenyewe, maana hoja yangu yote inakaa juu yake.

Springi kazi yake ni kubeba. Tairi likipanda jiwe, springi inabonyea, inapokea lile pigo na kulihifadhi. Lakini springi haisahau. Ilichopokea itakirudisha, tena chote, na ikiachwa peke yake gari litaruka juu chini, juu chini, hadi lichoke. Hapo ndipo shokapu inapoingia. Ndani yake kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Lile pigo linageuka kuwa joto na kuisha. Fundi mmoja wa Kasulu huwaambia wateja wake washike shokapu baada ya safari ndefu: ikiwa baridi kabisa, imekufa, haijafanya kazi yoyote. Watu wengi wanachanganya hivi viwili. Wanadhani gari linalodundadunda linahitaji springi ngumu, kumbe linahitaji shokapu nzima.

Koilova ni springi na shokapu vilivyofungwa pamoja kama kitu kimoja. Mwili wa shokapu umechongwa hesi, na juu ya hesi kuna nati pana inayoshikilia springi. Ukiizungusha, gari linapanda au kushuka. Nyingi zina pia kitufe cha kuzungusha, ukilegeza au kukaza shokapu kwa hatua, unasikia "tik, tik, tik". Ndiyo maana vijana wanaipenda. Inakuahidi kwamba huna haja ya kuchagua njia: leo kaza, kesho legeza, fisi kapita kote na hajapasuka.

Ahadi hiyo ina ukweli, lakini siyo wote. Kitufe kinagusa shokapu tu. Ugumu wa springi yenyewe umeamuliwa kiwandani, unapimwa kwa kilo ngapi zinaibonyeza milimita moja, na hakuna kitufe kinachoubadilisha. Hata ile nati, watu wakiikaza wanasema wamefanya springi kuwa ngumu, kumbe wamelinyanyua gari tu. Kwa hiyo siku unaponunua koilova unaamua jambo moja kubwa ambalo hutaweza kulirekebisha njiani, halafu unapewa vijambo vidogo vya kuchezea. Maamuzi mengi ya maisha yako hivyo.

Na uamuzi huo mkubwa, ukiutazama vizuri, unahusu nani ataisikia barabara.

Hebu fikiria dereva. Shimo analiona kabla halijafika. Mikono yake imeshika usukani, mguu uko kwenye breki, mgongo umejikaza wenyewe bila kuamriwa. Pigo linapokuja anakuwa ameshajiandaa, na zaidi ya hapo anapata faida: gari gumu linamweleza barabara, anajua tairi limeshika au linateleza, anafurahia kona. Sasa mfikirie aliye nyuma. Haoni mbele, hana cha kushika, pengine anasinzia au kapakata mtoto. Shimo lilelile kwake linakuja bila salamu. Gari moja, springi moja, lakini hawa wawili hawasafiri safari moja. Mmoja anapata raha na taarifa, mwingine anapata pigo peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na dereva, kwa kazi yake, ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kulalia kitanda cha nyuma cha gari lake.

Mwili nao una mipaka yake. Gari la kawaida la familia, likibonyezwa na kuachiwa, hupanda na kushuka kama mara moja au moja na nusu kwa sekunde. La mashindano huenda mara mbili na zaidi. Waliopima mitikiso wamekuta kwamba mtikiso wa juu chini unaomuumiza zaidi binadamu aliyekaa ni ule wa mara nne hadi nane kwa sekunde. Kadiri springi inavyokuwa ngumu ndivyo barabara ya mawe inavyopita moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo. Mama yangu hajui hesabu hizi. Yeye husema gari zuri ni lile analoshuka akiwa bado anaweza kusimama. Nadhani kipimo chake kinatosha.

Mtu asinielewe vibaya, nisije nikaonekana nahubiri ulaini. Ulaini nao una dhambi zake. Chukua hesabu rahisi. Watu watatu wa kilo 65 wakikaa nyuma, hizo ni karibu kilo 200. Springi mbili za nyuma zikiwa na kilo 3 kwa milimita kila moja, sehemu ya nyuma itashuka kama milimita 33. Zikiwa na kilo 6, itashuka nusu ya hapo. Kama ulishalishusha gari kwa ajili ya umbo, zimebaki milimita 50 tu za kubonyea, basi kwa springi laini abiria wamekula zaidi ya nusu kabla hamjatoka stendi. Shimo la kwanza, chuma kinafika mwisho wa safari yake, na hilo ni pigo baya kuliko la springi ngumu yoyote. Halafu kuna kona. Gari linalolala kila upande kwenye miteremko ya huku linaweza kuwaua wote, wa mbele na wa nyuma, kwa starehe kabisa. Kumjali abiria siyo kumlaza kwenye godoro. Ni pamoja na kumfikisha.

Lakini angalia mahali pengine ambapo ugumu ulichaguliwa kwa sababu nzuri na bado aliyeumia ni wa nyuma. Tangu kambi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, Kasulu na Kibondo tumeona Land Cruiser nyingi kuliko idadi yoyote ninayoweza kuitaja. Zile ndefu za kazi zina kamani nyuma, majani ya chuma yaliyopangwa ili gari libebe tani bila kulalamika. Ni chaguo la busara kwa mzigo. Sasa lifanye gari hilohilo kuwa la wagonjwa: dereva, muuguzi, na mama mjamzito amelala nyuma, kilo chache mno kwa kamani iliyotengenezwa kwa tani. Kamani haibonyei, na gari zima linaruka. Aliyeipanga kamani hakuwa mtu mbaya. Alimfikiria mwenye gari na mzigo wake, na mgonjwa hakuwa kwenye hesabu.

Nimemwambia mpwa wangu haya, naye akanijibu kwa historia, maana anajua napenda historia. "Mjomba, mbona Safari Rally walikimbia kwenye barabara hizihizi mbovu?" Ni kweli. Mashindano yale yalianza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, dereva wa kutoka kwetu Tanzania, alishinda mwaka 1966 na akarudia 1967, akiwa na Peugeot 404, gari ambalo watu walilitumia kupeleka watoto shule. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Na barabara hazikuwa na huruma: mwaka 1963 na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Kwa hiyo hoja ya kijana ina nguvu. Gari moja linaweza kuwa la nyumbani na la mbio, na barabara mbovu siyo kisingizio.

Ila ndani ya magari yale walikaa watu wawili, dereva na msoma ramani. Wote wawili waliomba kuwamo. Walijua wanakokwenda, wakafunga mikanda, wakakubali mapigo ya siku kadhaa kwa sababu ushindi ungekuwa wao. Kiti cha nyuma hakikuwa na mtu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta. Hakuna aliyedhulumiwa na springi za Shankland. Ugumu unaojichagulia ni ushujaa, au tuseme ni mchezo, na mchezo ni haki ya mtu. Ugumu uleule ukimpa mwingine ambaye hakuulizwa, unabadilika jina.

Hapa kuna watu watakaosema tatizo lote ni mchezo wenyewe. Wapo nyumbani kwetu. Wanasema mamilioni ya koilova yangenunua mabati, yangelipa ada, na kwamba kijana wa Kibondo hana sababu ya kukimbiza saa wakati wenzake wanakimbiza maisha. Siwakubalii. Tukisema furaha ni ya watu wa mijini na sisi tubaki na mabati, tutakuwa tumejidharau wenyewe. Kijana amefanya kazi, hajamwibia mtu, na anapenda kona kama wengine wanavyopenda mpira. Sina ugomvi na anachokipenda. Ninachouliza ni nani atalipia.

Basi tufanyeje? Jibu la haraka ni kukaa katikati. Kitufe kina hatua 32? Weka 16, kila mtu apate nusu yake. Aristotle alishalikataa jibu hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Yeye ndiye aliyefundisha kwamba wema uko katikati ya kuzidi na kupungua, lakini akaonya kwamba katikati hiyo haipatikani kwa kugawanya kwa mbili. Kama vipimo kumi vya chakula ni vingi mno na viwili ni vichache mno, mwalimu wa mazoezi hatampa kila mtu sita: kwa Milo, yule mpiga mieleka, sita ni njaa, kwa anayeanza leo ni shibe ya kupitiliza. Katikati inategemea ni nani anakula. Vivyo hivyo, 16 kwa kijana wa miaka 26 mwenye usukani mkononi na 16 kwa bibi wa miaka 70 aliye nyuma siyo namba moja. Kukaa katikati bila kuuliza katikati ya nani ni njia ya heshima ya kutokuchagua.

Mimi nimefikia hapa: anayechagua ndiye abebe hasara ya alichochagua. Gari la njia mbili litakuwa na upungufu mahali fulani, hilo halikwepeki. Swali la haki ni upungufu huo uangukie wapi. Ukichagua kwa ajili ya mbio kisha ukawapakia watu kwa kilichobaki, upungufu unawaangukia wao, kila siku, mgongoni. Ukichagua kwa ajili ya barabara mbovu kuliko zote unazopita na abiria dhaifu kuliko wote unaowabeba, kisha ukaenda kwenye mbio na kilichobaki, upungufu unakuangukia wewe, siku moja moja, kwenye saa. Utapoteza sekunde. Ni sekunde zako.

Kwa vitendo, nilimwambia hivi. Kabla ya koilova, badilisha bushi zilizokufa na tairi zilizoisha, maana koilova mpya juu ya bushi mbovu ni kupaka rangi nyumba iliyooza. Chagua springi ya upande wa laini katika zile zinazouzwa kwa gari lako, usivutwe na namba kubwa. Usilishushe chini ya kimo lilichotoka nacho kiwandani. Osha zile hesi na uzipake grisi kila baada ya safari za matope, kwa sababu udongo wetu ukikauka humo pamoja na kutu, nati haizunguki tena, na kile ulichokinunua kwa sababu kinabadilika kitakuwa kimegoma kubadilika. Halafu, ukishafunga, mpe usukani mtu unayemwamini, wapakie watu wanne na gunia la maharage, wewe ukae nyuma katikati, mwende Mabamba na kurudi. Ukishuka, ndipo uamue umeweka kitufe mahali sahihi au la.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo bado sijalimaliza. "Mjomba, kwa hiyo hata nikiwa peke yangu, usiku, lami tupu kutoka Kasulu, bado nimbebe bibi?" Nilicheka, lakini alikuwa na hoja. Kuna maadili yanayomgeuza mtu kuwa gari la abiria maisha yake yote, hata viti vikiwa vitupu, na wengi wetu tuliolelewa kwenye familia kubwa tunajua uzito wake. Sitaki kumfundisha hayo. Nadhani kitufe kipo kwa ajili hiyo hasa. Uko peke yako, simama, shuka, kaza, nenda kafurahie barabara kwa mwendo usiomhatarisha mtu mwingine. Wajibu wangu kwa aliye nyuma haunizuii kuwa na siku yangu.

Lakini kitufe kinachozungushwa kuelekea mbio lazima kizungushwe kurudi, na hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa, siyo kwenye kuchagua. Kukaza ni rahisi, kuna hamu. Kulegeza asubuhi ya kliniki, kiza hakijatoka, umande uko kwenye bodi na lazima upige magoti kwenye udongo ili ufikie nyuma, hakuna anayekupigia makofi. Koilova za mpwa wangu bado hazijafika. Amekubali springi laini, kuhusu kimo bado tunabishana, na kuhusu kupiga magoti ameniambia nisubiri nione. Nasubiri.